Seva Iliyojibu Ikiwa Imezimwa

Mimi duniani hakuna kitu kilichobaki cha kunishtua. Sijisifu, nasema tu. Niliacha shule darasa la saba, na leo nyaya zangu zinapita juu ya paa za nusu ya Eldoret. Nimewaandika kazi vijana wenye digrii nikawafundisha jinsi ya kushika koleo. Nimeibiwa, duka langu limeungua, nimepelekwa kortini na watu niliowalisha, na kila mara Jumatatu iliyofuata ulinikuta nimefungua. Kwa hivyo mwezi uliopita, nilipopigiwa simu nikaambiwa Tabitha Wambui ametuacha na atazikwa Ijumaa kwao Plateau, sikushtuka. Nilikuwa nimesikia anaugua. Nikasema pole, nikauliza ni saa ngapi, nikaosha gari, nikavaa koti jeusi, nikaenda. Nilifikiri naenda kumzika mtu niliyefanya kazi naye mwaka mmoja nikiwa na miaka thelathini, basi. Kilichonipata huko chini ya hema, nikiwa na sahani ya wali mkononi, nitakisema nikifika. Kwanza lazima niueleze ule mwaka, kwa sababu nimeusimulia mara nyingi, kwenye harusi na kwenye mikutano ya wafanyabiashara, na mara zote nimeusimulia vibaya.

Duka langu lilikuwa ghorofani, juu ya duka la mabati na misumari, na ngazi zake za mbao zililia kila mtu akipanda, kwa hivyo hakuna mteja aliyewahi kunikuta nimesinzia. Chumba cha mbele kilikuwa na kaunta, kompyuta nne, benchi moja na dirisha lililoangalia mahali matrekta ya mahindi yalipogeuzia wakati wa mavuno. Chumba cha nyuma kilikuwa kidogo kama choo, hakina dirisha, na ufunguo wake nilikuwa nao mimi peke yangu. Humo niliweka spea. Nilianza maisha kwenye chumba cha kupanga kule Huruma nikitengeneza simu, na siku moja waliniibia chuma changu cha kulehemu, kimoja tu nilichokuwa nacho, nikakaa wiki tatu nikiangalia simu za watu bila kuzigusa. Tangu siku hiyo nikaapa: kila kitu viwili. Birika mbili, pasi mbili, jozi mbili za viatu vya aina moja, na kila kompyuta na pacha wake amefunikwa gunia. Wambui alipoingia kazini kwangu, mwezi wa pili, akaiona birika ya pili chini ya kaunta, alicheka mpaka akakaa kwa benchi. "Kip, na mke pia utaweka spea?" Nikamwambia kwetu wazee walifanya hivyo na hawakujuta. "Ulishawahi kuuliza wale wake?" akasema, akaendelea kufuta kaunta.

Yeye alikuwa na diploma, mimi nilikuwa na duka. Wazazi wake walihama Murang'a zamani wakafungua duka la unga na sukari pale Plateau, na alikuwa na ile tabia ya watoto wa dukani ya kufuta meza huku akiongea, hata kama meza ni safi. Kila asubuhi alikuja na thamosi ya chai ya maziwa na viazi vitamu vimefungwa kwa kitambaa, tukala kabla hatujawasha chochote, na dirisha likiwa na ukungu wa pumzi zetu maana asubuhi za Eldoret zina baridi ya kukata. Mwezi wa nne kazi kubwa ikaja. Ushirika mmoja wa maziwa kule Moiben ulitaka programu ya kuandika kilo za kila mkulima, ili kompyuta zao zote zisome daftari moja. Programu hiyo ilitaka kompyuta yake peke yake, yenye mfumo wake, na sisi mashine yenye nguvu tulikuwa na moja tu kazini (pacha wake sikuruhusu atolewe kwenye gunia), nayo ilikuwa na kazi zingine. Wambui akasema haidhuru, ataunda kompyuta ndani ya kompyuta. Yeye aliita VM. Mimi nilifikiri ananichezea mpaka nikaona kwa macho yangu: dirisha kwenye kioo, na ndani ya dirisha mashine nzima inawaka, inasalimia, inaomba neno la siri, kama mtoto anayeongea akiwa bado tumboni.

Basi ile mashine ya tumboni ilifanya kazi vizuri sana, na hakuna mtu mwingine aliyeiona. Ukikaa mbele yake, ukurasa wa maziwa unafunguka. Ukienda kwa kompyuta ya kaunta, hatua nne tu, hakuna kitu. Mimi nikafanya nilichojua: nikabadilisha waya. Nikabadilisha wa pili. Nikatoa swichi, kile kisanduku kinachounganisha nyaya, nikaweka spea yake. Wambui alikuwa amekunja mikono akiniangalia. "Wacha waya ipumzike, Kip, haijakosea mtu." Akaniuliza ile ploti niliyopanga Huruma ilikuwa na vyumba vingapi. Kumi na sita. Na geti? Moja. Mtu akikuja kuuliza Kiprono kwa geti, ataambiwa nini? Nikamwambia keateka wetu, mtunza ploti, hakujua jina la mtu, alijua kodi tu, angemfukuza. Akasema basi seva yetu, ile mashine ya tumboni, ni mpangaji wa ndani. Ikitaka kitu cha nje, inatuma kupitia kwa mwenye ploti na jibu linarudi, lakini mgeni akija kuiulizia, geti haimjui. Akaingia kwenye mipangilio, akabadilisha mahali pamoja tu, akaipa mlango wake unaoangalia barabara. Kompyuta ya kaunta ikaiona papo hapo. Kesho yake stima ikapotea na kurudi, na seva ikapotea tena, kwa sababu rauta, kile kifaa kinachogawia kila kompyuta namba yake, iliipa namba nyingine. Akaipa namba ya kudumu, kama kitambulisho. Halafu tukakuta ndani ya seva yenyewe kuna programu nyingine, kama mlinzi, inayozuia mlango wa ile ya maziwa. Akamwambia mlinzi mlango upi aache wazi.

Njia yake ilikuwa moja, na sijawahi kuona iliyoishinda. Kuna amri wanayoiita ping, ni kama kubisha hodi: unaita namba ya mashine, na ikiwa hai na njia ni wazi, inajibu. Wambui hakuwahi kuanzia mbali. Akiwa ndani ya seva, anajiita mwenyewe kwanza. Akijijibu, anaita mashine iliyombeba. Ikijibu, anaita rauta, halafu jirani, halafu jirani wa jirani, na kwenye daftari la shule lenye mistari anaandika kila mstari: imejibu, haijajibu. "Ukianza mbali," aliniambia, "utalaumu watu wengi bure kabla hujafika kwako." Nimetengeneza mitandao ya shule, ya vinu vya unga, ya hoteli tatu kwa njia hiyo, na wateja huniuliza nilisomea wapi, nami hujibu nilisomea kichwani mwangu.

Watu wa duka la chini walijua kabla yetu kwamba tunapendana. Mwezi wa nane nilienda Plateau na mjomba wangu mmoja, tukapikiwa mukimo na kuku, na baba yake Wambui, mtu wa maneno machache, akasema watu wangu waje rasmi kuposa mwezi wa kumi na mbili, shamba likishavunwa. Wambui alinisindikiza hadi barabarani akaniambia nisilete wazee wanaolewa. Tulikuwa na furaha ya kawaida, ile ambayo mtu haiandiki popote. Mimi hata nilianza kuacha ufunguo wa chumba cha nyuma mezani, siku zingine.

Kilichoharibu ni maneno niliyoyasikia nikiwa kwenye ngazi. Ilikuwa Ijumaa, mwezi wa kumi na moja, Wambui ameshaondoka mapema kwenda kwao, na bodi ya ushirika ilikuwa ije Jumanne kuona mashine ikifanya kazi kabla ya kutupa mkataba. Nilikuwa nashuka nikakuta kamba ya kiatu changu imefunguka, nikainama. Chini, mwenye duka la mabati alikuwa akiongea na mteja. Mteja aliuliza huyo wa juu ni injinia. Mwenye duka akacheka. "Injinia ni yule msichana. Siku msichana akienda, Kiprono atabaki hapo akipuliza vumbi la kompyuta." Wakacheka wote wawili, bila ubaya, kama watu wanaosema mvua itanyesha. Nilirudi juu nikakaa. Nimetukanwa vibaya kuliko hapo na nikala chakula changu vizuri. Lakini haya yaliniingia kwa sababu yalikuwa kweli. Kila kitu dukani kilikuwa na spea isipokuwa yeye.

Jumamosi asubuhi nilienda kwa mama mmoja aliyeuza vifaa karibu na soko, nikanunua diski ya nje, mpya, na niliomba bei mpaka akaniambia niende na bei yangu nisirudi tena. Nilishuka barabara nikipiga mluzi. Jumapili, Wambui akiwa kanisani Plateau, nikapiga kopi ya ile mashine yake yote jinsi ilivyo, kila kitu, nikaipeleka chumba cha nyuma kwenye kompyuta ya pacha, nikaichomeka kwenye swichi kama zingine, maana kwangu kompyuta bila waya ilikuwa nusu kompyuta. Nikaiwasha. Ikasalimia kwa jina lile lile, ikaomba neno la siri lile lile, nikaona ukurasa wa maziwa, na nakuambia nilisimama pale nikajisikia mtu salama. Halafu nikakumbuka sijui kuizima. Sijawahi kuizima mimi, aliizima yeye kila siku, na niliogopa kuivuruga. Kwa hivyo nikazima kioo tu, nikafunga mlango, nikaweka ufunguo mfukoni.

Jumatatu seva ikaanza wazimu. Inaonekana, haionekani. Unaandika kilo, unasoma kutoka kompyuta nyingine, hazipo. Unasoma tena, zipo. Wambui alianza karibu kama kawaida yake. Akajiita, akaita mashine, akaita rauta. Daftari likajaa: imejibu, haijajibu, imejibu, imejibu, haijajibu. Viazi vitamu vikapoa kwenye kitambaa. Mimi nilibadilisha waya. Saa tisa hivi alisimama, akashika kiuno, akaniuliza pole pole, "Kip, kuna mashine ingine umewasha mahali?"

Nikamwambia, "Hakuna."

Naapa sikujua kwamba ile ya nyuma ndiyo ilikuwa shida. Sikujua mashine mbili zenye namba moja hupigania jina, kwamba ukimwita mmoja anaweza kukujibu mwingine. Nilichojua ni kwamba nikisema ndiyo, ataingia kule nyuma, ataona nimemwekea spea, na nitaeleza nini? Neno lilikuwa fupi na lilitoka haraka.

Jumanne wazee watano wakapanda ngazi, makoti mazito, viatu vyenye udongo wa Moiben. Mwenyekiti wao, Mzee Maiyo, alikaa karibu kabisa na Wambui kwa sababu macho yake hayakuwa mazuri, na akasema waanze na ng'ombe wake yeye, kilo arobaini na mbili za asubuhi hiyo. Wambui akaandika arobaini na mbili. Tukaenda kompyuta ya kaunta kusoma. Sufuri. Mweka hazina wao, mwembamba mwenye mdomo mrefu, akawaambia wenzake, "Mnaona? Hata hatujatia sahihi, maziwa imeshaanza kuibwa." Kwa mfugaji, kilo ikipotea kuna mtu ameinywa. Mweka hazina akamuuliza Wambui hizo kilo zimeenda kwao Plateau ama wapi. Wambui aligeuka akaniangalia mimi niliyekuwa nimesimama nimeegemea mlango wa chumba cha nyuma.

"Kip. Una hakika hakuna ingine?"

"Wambui, nimekwambia hakuna," nikasema, mbele ya wazee. "Angalia kazi yako."

Akarudi kwa kioo. Akabonyeza vitu fulani, akangoja, akaandika, akaangalia kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa upande wa pili, sikuona alichoona. Halafu akasimama akasema wazee wamsamehe, makosa ni yake, wampe wiki moja. Akawasindikiza hadi mahali magari ya Moiben yanapopakia. Alikaa huko sana kuliko nilivyotarajia. Aliporudi alichukua koti na mkoba wake, akaliacha daftari mezani, akaniambia, "Chai iko kwa thamosi," akashuka. Ngazi zililia hadi chini. Nilifikiri atarudi kesho.

Siku ya nne mteja alitaka pawasapulai, kile kisanduku cha stima ndani ya kompyuta, nikafungua chumba cha nyuma. Kulikuwa na joto mle ndani, na ile kompyuta inanguruma gizani kama mtu anayekoroma. Nikachomoa waya wa stima. Nikaenda mbele, nikawasha seva, nikaandika arobaini na mbili za Mzee Maiyo, nikasoma kwenye kaunta. Arobaini na mbili. Mara kumi, arobaini na mbili. Nikarudi nikaiwasha ile ya nyuma, zikapotea. Nilirudia mara tatu kama mtu anayegusa jino linalouma kwa ulimi. Baada ya hapo nikakaa kwenye benchi na simu mkononi, na namba yake nilikuwa naijua kwa kichwa. Kilikuwa kitu cha dakika mbili. Nikajiambia nitampigia jioni. Jioni nikajiambia wacha kwanza bodi irudi. Bodi ikarudi, kila kilo ikakaa mahali pake, Mzee Maiyo akanishika mkono akaniangalia muda mrefu, mkataba ukatiwa sahihi. Wakaniuliza shida ilikuwa nini. Nikasema ilikuwa kazi ya msichana, nimeirekebisha mwenyewe. Baada ya kusema hivyo ningempigia nimwambie nini? Mwezi wa kumi na mbili wajomba zangu wakanunua blanketi na sukari ya kupeleka Plateau, nikawaambia warudi nyumbani, msichana amebadili nia. Nilisikia amepata kazi ya kufundisha kompyuta Nakuru. Nilimwona mara moja tu baadaye, barabarani, akaniuliza biashara, nikamwambia imeshika. Akasema anashukuru Mungu. Alingoja kidogo, kama mtu anayefikiri umebakisha neno, halafu akaenda.

Basi Ijumaa, Plateau, chini ya hema, tumeshamzika. Mama yake alinishika mikono yote miwili akaniita mwanangu, nikakosa pa kuangalia. Nilipewa sahani, nikakaa, na aliyekaa kando yangu akaegemeza fimbo kwenye kiti alikuwa Mzee Maiyo, mzee sana sasa, macho meupe. Alinitambua kwa sauti. Tuliongea habari za mvua na bei ya maziwa. Halafu akasema, bila haraka, akitafuna, "Na ile ingine bado uko nayo?"

"Gani, mzee?"

"Ile ya chumba cha nyuma. Ile ilikuwa inajibu."

Nikaweka sahani chini. Yeye aliendelea kana kwamba tunazungumza kitu tulichokijua wote. Alisema siku ile alikaa karibu na Wambui hivi, bega kwa bega, na macho yake wakati huo yaliona ya karibu. Wambui aliizima seva yote, ikafa, kioo kikasema imezimwa. Halafu akaiita. Ikajibu. Mzee akamuuliza kwa sikio, msichana, hii umezima inajibu namna gani? Akamwambia, mzee, nyamaza kidogo. Ndipo akasimama akasema makosa ni yake. Kule kwenye magari mzee alimbana, akamuuliza kama ni wizi wamwite polisi.

"Akaniambia ingine iko nyuma ya ule mlango uliouegemea, na si wizi, ni uoga," mzee akasema. "Akasema huyo ni mtu wa kazi, mpeeni kazi. Mkirudi hiyo wiki ingine mtakuta ameizima. Nikamwambia na wewe je, kijana amekuaibisha mbele ya watu. Akasema atakaa kwao, atangoja. Ati ukishaizima utajua, na ukijua utampigia simu." Alitafuta sahani yake kwa vidole, akapata kipande cha kiazi. "Alikuwa na hakika kabisa. Si ulimpigia?"

Watu walikuwa wanaimba upande wa kaburi. Mama yake alikuwa anagawa soda.

"Nilimpigia, mzee," nikasema.

"Vizuri," akasema. "Nilikuwa najua."

Sikwenda dukani siku hiyo. Nilienda nyumbani nikafungua sanduku ambalo mke wangu hajui nimeweka nini ndani yake. Daftari limo, ukurasa wa mwisho ukiishia na *imejibu*, ameipigia mstari mara mbili, na miaka yote hiyo niliyoliweka sikuwahi kujiuliza kwa nini. Chini ya daftari iko ile diski, bado na kopi yake ndani, na kwa sababu mimi hutunza kila karatasi, risiti bado imezungushiwa mpira. Wino umefifia lakini unasomeka. Mama wa diski alianza na elfu tano na mia tano, mimi sikukubali. Nililipa shilingi elfu nne mia nane na hamsini.